Shimo Lisilo na Nzi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Goma miaka ya hamsini, kabla hata ya kulisikia neno uhuru, nyama ilikuwa hailali. Ukichinja leo, unakula leo. Kinachobaki unakikausha juu ya moto au unamgawia jirani, na jirani naye akichinja atakukumbuka. Kesho ilikuwa ya nzi. Nyumbani kwangu sasa kuna friji nyeupe ndefu kunizidi, na wajukuu wangu huifungua kila wakipita, wanachungulia, wanaifunga, kisha wanatangaza kwamba hapa nyumbani hakuna chakula. Ndani mna mayai, maziwa, samaki, na jamboni iliyokatwa vipande vyembamba na kufungwa kwenye plastiki. Wanaipachika kwenye mkate na kwenda zao na simu mkononi. Mimi jamboni siili. Wanadhani ni ukaidi wa uzee, nami nimewaacha wadhani hivyo miaka yote. Lakini wote walioijua habari hii wameshakufa, nimebaki peke yangu, na sipendi kuondoka nayo.

Kwa asiyejua, jamboni ni paja la nguruwe lililosuguliwa chumvi, likakamuliwa damu, likakaushwa taratibu mpaka likakaza. Ikitengenezwa na mtu anayejua, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Papa, baba yangu, alikuwa akijua. Na jamboni moja aliyoitengeneza kwa ajili yake mwenyewe, si ya mzungu, ndiyo iliyotuondolea Kambale, mdogo wangu.

Hatukuwa watu wa Goma. Sisi ni Wanande, wa huko juu kwenye milima ya Lubero, penye baridi na udongo mwekundu unaochimbika kwa jembe. Papa alishuka kutafuta kazi, akaipata jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kandokando ya ziwa, upande wa magharibi, mbali kidogo na Kituku. Tuliishi kambi ya wafanyakazi nyuma ya shamba, nyumba zimepangwa mistari juu ya mawe meusi ya volkano. Ndosho mnayoijua leo, yenye makelele ya pikipiki na maseremala wanaopiga misumari tangu asubuhi, ilikuwa vichaka na mawe tu. Hata sambaza, wale samaki wadogo, hawakuwa wameletwa ziwani. Nikiwaambia wajukuu kwamba niliwahi kuishi Goma isiyo na sambaza, wananitazama kana kwamba nimesema niliwahi kuishi Goma isiyo na hewa.

Mawe yale yalikuwa maisha yetu. Yalitukata nyayo mpaka zikawa ngumu, tukawa tunakimbia juu yake pasipo kuangalia chini. Mvua ikinyesha, maji yalizama yote mara moja, kwa hiyo tulikuwa tukishuka ziwani na mitungi na kupanda nayo shingo zikiuma. Tulicheza mpira wa majani ya mgomba. Tulijificha katika nyufa na mapango madogo, tukitoka tumechubuka magoti, na akina mama walitupiga kwa kuchubuka kisha wakatupaka mafuta ya mawese. Jioni Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilikuwa ikiwaka nyekundu juu ya kichwa, nasi tulikula sombe ya majani ya muhogo na maharage chini ya wekundu ule bila hata kuutazama. Shuleni masista walitufundisha katekisimu na kushona, na aliyechelewa alipiga magoti juu ya changarawe. Watoto wa leo wakikaripiwa na mwalimu wanamleta mama mzazi shuleni. Sisi tukikaripiwa tulificha, maana mama akijua anaongeza yake.

Kambale alikuwa bado hajaanza shule. Alikuwa na tumbo la mbele, sauti nzito isiyolingana na mwili wake, na tabia ya kutangulia. Popote tulipokwenda, yeye alikuwa mbele. Mama alikuwa akimwita, "Kambale, weye unajuaka kwenye tunaenda?" Naye alikuwa akigeuka na kujibu kwa sauti ile ya mzee, "Minajua!" Hakuwa anajua lolote. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na bado ni hivyo.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinamsumbua Papa. Kwetu milimani jiko ni la mwanamke. Mwanaume hapulizi moto, hamenyi kiazi, haonji mchuzi. Baba yake, ambaye sisi tulimwita Sokulu, alikuwa amemkubalia mwanawe kwenda kwa wazungu akidhani atakuwa karani au dereva, si mpishi. Papa alipopata likizo ya kwanza, konji kama tulivyoiita, alirudi kijijini na furaha yake yote. Akamchinja kuku, akampika mwenyewe kwa vitunguu na nyanya kama alivyofundishwa, akamtengea baba yake. Mama alikuwapo, nami nilikuwapo mgongoni mwake, na Mama ndiye aliyenisimulia. Sokulu alikisukuma kile chakula kwa mgongo wa mkono. Akasema, "Nilizaa mtoto mwanaume. Huyu anayenipikia ni nani?" Yule kuku akaliwa na wengine.

Tangu siku hiyo Papa alikuwa na jambo moja tu moyoni: baba yake ale kitu kilichotoka mikononi mwake. Hakulisema kwa maneno mengi, lakini sote tulilijua. Alikuwa akipika kwa mzungu, anarudi nyumbani amechoka, anakaa mlangoni, kisha ghafla anamwambia Mama, "Muzee angeonja ile kintu ya leo, angenyamaza." Na Mama alikuwa akimjibu, "Kula, Papa Masika, bugali inapoa." Masika ndimi mimi.

Jamboni ndiyo iliyompa tumaini. Aliifikiria hivi: kuku ni chakula cha jikoni, kimewekwa kwenye sahani, mwanaume mzee anaweza kukidharau. Lakini nyama iliyosafiri? Nyama iliyotoka Goma, ikapita Rumangabo na Rutshuru, ikapanda ule mteremko mkali wa Kabasha kwenye kamyo, mvua ikinyesha, kamyo ikikwama matopeni, ikafika Lubero ikiwa nzima na yenye harufu nzuri? Hiyo si kazi ya jikoni. Hiyo Sokulu hakuwahi kuiona, wala hakuna mtu kijijini aliyewahi. Papa alisema ataitoa mbele ya wazee wote, ataikata kwa kisu, na baba yake atanyoosha mkono.

Mzungu alimruhusu kufuga nguruwe nyuma ya kambi. Kambale alimfanya nguruwe yule rafiki, akimpelekea maganda ya viazi na kumweleza habari za siku. Alipochinjwa, Kambale alilia mpaka akatapika, kisha akala nyama yake pamoja nasi. Paja moja Papa aliliweka kando.

Alilisugua chumvi ya Katwe, ile ya mabonge ya kijivu waliyoileta wafanyabiashara wa kwetu, Mama akiitwanga kwenye kinu. Aliukandamiza mshipa mkubwa kwa kidole gumba mpaka damu ya mwisho ikatoka, maana damu ikibaki karibu na mfupa, alisema, ubaya unaanzia hapo. Akalilaza katika sanduku la mbao chini ya kitanda chao, akaliwekea jiwe zito juu, na kila baada ya siku chache akaligeuza na kumwaga maji ya chumvi yaliyotoka. Nyumba nzima ilinuka chumvi na nguruwe. Mimi nililala na harufu hiyo, na hata leo nikipita mahali inaponuka hivyo naongeza mwendo. Lilipokuwa limekunywa chumvi ya kutosha aliliosha, akalifunga kitambaa, akalitundika juu ya moto wetu, pale tulipokausha mbegu za mahindi.

Hapo alikosea. Kwa mzungu kulikuwa na chumba cha mawe chenye ubaridi na wavu dirishani. Kwetu kulikuwa na moto wa maharage tangu asubuhi. Mafuta ya paja yakaanza kudondoka jikoni, kitambaa kikalowa, nzi wakapata njia. Papa alikuwa na mfupa mwembamba uliochongwa kama sindano. Anauchoma karibu na mfupa wa paja, anautoa, ananusa. Siku moja aliunusa, akafumba macho. Alipolipasua, funza walikuwa ndani wanatembea. Alilizika yeye mwenyewe, na konji ya mwaka ule hatukwenda popote.

Mwaka uliofuata akafuga mwingine. Safari hii alisema hatapoteza. Akaanza kutafuta mahali pa baridi, penye kivuli, pasipo na nzi. Na alitafuta kwa siri. Lazima niwaeleze kwa nini, maana vijana hawawezi kuielewa dunia ile. Mtu mweusi aliyekutwa na jamboni nyumbani ni mwizi. Hakuna aliyeuliza nguruwe alikuwa wa nani. Katika shamba la jirani, boyi mmoja alikutwa na chupa ya divai aliyopewa na bwana wake mwenyewe, na bwana akasahau kwamba alimpa. Alichapwa fimbo mbele ya watu na kufukuzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo nguruwe wetu alichinjwa mchana kweupe, kambi yote ikapata nyama, lakini paja moja liliingia ndani limefunikwa kwa nguo za Mama. Papa alituweka chini, mimi na Kambale, akatuambia, "Hii habari haitoke inje. Hata kwa Mama Veneranda." Mama Veneranda alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, Mnyarwanda aliyezaliwa hapohapo kwenye mawe, mwanamke wa kucheka kwa sauti kubwa, aliyetulea kama watoto wake. Kumficha jambo Mama Veneranda ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba maji.

Shimo Papa alilipata nyuma ya kahawa, mahali ambapo mawe yamebonyea. Lilikuwa pana kama chumba kidogo, na akisimama ndani ukingo wa shimo unamfikia kifuani. Ndani palikuwa na ubaridi. Alinichukua kunionyesha, Kambale akiwa ametutangulia kama kawaida, na Papa akamshika mkono asishuke, akaogopa ataanguka kwenye mawe. Yeye alishuka. Chini aliokota mjusi mkavu, kisha vipepeo, kisha ndege mdogo aliyelala na mabawa yake yote, hajaguswa na siafu wala funza. Alimnusa yule ndege.

"Masika, ona," akaniambia, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Hapa nzi haikaake. Hata panya ikiingia, inakufa. Hapa kintu haiozake."

Nilifurahi pamoja naye. Ningejuaje? Na yeye angejuaje? Alitazama kwa macho ya mpishi. Huko kwetu milimani shimo ni shimo, linatunza viazi, halimdhuru mtu. Alikuwa amezunguka mwaka mzima akipigana na nzi, na sasa amepata mahali ambapo nzi hafiki. Alimshukuru Mungu palepale, nikamsikia.

Alilaza mti mnene juu ya mdomo wa shimo, akaitundika jamboni kwenye kamba katikati, imefungwa kitambaa cheupe, akafunika kwa matawi na majani makavu. Kila Jumapili baada ya misa, jua likiwa kali na upepo ukitoka ziwani, tulikwenda kuiangalia. Papa alifunua, akasubiri kidogo akiangalia huku na huku kama kuna mtu, akashuka, akainama kunusa, akachoma ule mfupa. Akitoka alikuwa akishika kichwa. "Kichwa inanigonga," alisema, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio, nikauona shingoni. Alidhani ni kuinama na njaa ya misa. Lakini jamboni ilikuwa nzuri ajabu. Alikata kipande chembamba pembeni, akatugawia mimi na Kambale tukiwa tumekaa ukingoni, miguu yetu ikining'inia. Sitadanganya: sijawahi kula kitu kitamu hivyo tena. Kambale alikuwa akilamba vidole na kusema, "Hii ni ya Sokulu," kisha anaomba nyingine.

Konji ikafika. Mama alimshonea Kambale shati jipya la safari, la bluu, lenye vifungo vya mfupa. Kamyo ilikuwa iondoke asubuhi kutoka sokoni, kwa hiyo Papa akaamua tuitoe jamboni kulipopambazuka, kabla kambi haijaamka. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi palitulia kabisa, ukungu umelala juu ya mawe, hakuna hata jani lililotikisika. Mimi nilibeba kikapu. Papa alibeba nguo kuukuu za kuifunikia. Kambale alivaa shati lake jipya, akatangulia.

Papa alimwita kwa sauti ya chini, maana hakutaka watu wasikie. "Kambale. Ngojea." Kambale akajibu kutoka kwenye ukungu, "Minajua!" Tukasikia matawi yakivunjika. Hatukuwa mbali. Tulipofika, matawi yalikuwa yamefunguka, na yeye alikuwa ameketi chini shimoni, chini ya jamboni, kichwa kimeegemea jiwe. Nilidhani anajificha anitishe. Nikacheka.

Papa akaruka ndani. Aliinama kumnyanyua, akayumba, akashika ule mti kwa mikono miwili, akainua kichwa nje, mdomo wazi, macho yamemtoka. Nikaanza kupiga kelele. Akainama tena, akalikamata lile shati, akamvuta, akamrusha juu ya mawe miguuni pangu, kisha akapanda kwa tumbo. Kambale hakuwa na jeraha. Alikuwa na joto. Papa alimtikisa, akampulizia usoni kama anavyopuliza moto, akampulizia tena na tena. Kisha akamweka begani, akakimbia naye kuelekea kambini, nami nyuma yake na kikapu kitupu. Jamboni tuliiacha inaning'inia.

Watu walitoka. Mama alikuwa mlangoni na mafurushi ya safari. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Mama Veneranda alimchukua Kambale mikononi, akamgeuza, akamnusa mdomo, akamtazama Papa.

"Mulimutoa fasi gani?"

Na Papa yangu, mbele ya maiti ya mwanawe, alikumbuka jamboni. Nilimwona akiikumbuka. Kulikuwa na watu wengi, na mnyapara wa shamba alikuwa miongoni mwao. Akasema, "Alifuata mujusi. Kule ku mawe."

"Ni mazuku," akasema Mama Veneranda. "Hewa mubaya ya chini. Inakaa mu mashimo, haionekane, hainuke. Mutu mukubwa kichwa inabakia juu, mutoto anazama. Asubuhi bila upepo njo inajaa. Siye hata mbuzi hatufungake kule. Papa Masika, hakuna mutu alikuambia? Kila mutu anajua hapa. Kila mutu! Ungeuliza tu." Alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja. "Ungeuliza tu."

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa wakati uleule alichoelewa Papa. Angemwambia mtu mmoja tu mahali alipoitundika nyama yake, mtu yeyote wa kambi ile, mtoto angekuwa hai.

Tulimzika na shati lake la bluu. Mzungu alitoa mbao za masanduku, madamu, mkewe, alituma sukari. Kwa wasioijua Goma, kuzika pale kulikuwa adhabu ya pili: wanaume waligonga mawe kwa vyuma kutwa nzima, cheche zikiruka, na kaburi halikutaka kwenda chini. Mwishowe walimfunika kwa kurundika mawe juu, kama tulivyofunika shimo la jamboni kwa matawi. Mama alikaa kitandani akageukia ukuta. Konji ilifutwa, maana kwa mzungu kulikuwa na wageni, na Papa aliitwa kazini kabla matanga hayajaisha. Alirudi jioni, nikamuuliza amepika nini. Aliniambia wageni walitaka jamboni. Alisimama pale mezani, akaikata vipande vyembamba, akawapa.

Huko Lubero Sokulu alikuwa ametusubiri barabarani. Kamyo ilifika, dereva aliyeusikia msiba wetu sokoni akashuka, akamwambia. Mzee yule hakuwahi kutoka milimani maisha yake yote. Akapanda kamyo hiyohiyo ilipokuwa inarudi.

Alifika jioni moja na fimbo yake na kifurushi cha viazi, watu wa matanga wakiwa wameshatawanyika. Mama hakuweza kuinuka. Mimi nilikuwa sijajua kupika chakula cha mtu mzima. Papa alivua koti lake la kazi, akachuchumaa mbele ya mafiga, akawasha moto. Baba yake alikaa kwenye kigoda mlangoni na kumtazama mwanawe akipuliza moto, akimenya viazi, akigeuza maharage. Nami nilikaa kati yao na kuogopa. Nilikuwa nikilijua neno la yule kuku.

Papa akaanza kusema. Alisema kwa Kinande, amekipa chungu uso, mgongo kwa baba yake. Alimweleza yote: nguruwe wa kwanza, funza, nguruwe wa pili, shimo, yule ndege ambaye hakuoza, Jumapili zetu, ule uongo wa mjusi. "Nilitaka nikuletee nyama isiyooza," akasema. "Nyama haikuoza, baba. Bado iko kule, nzima. Mtoto wangu ndiye niliyemharibu." Kisha akapakua, akaleta, akapiga goti, akaweka chini.

Sokulu aliitazama sahani muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono kwangu, nikammwagia maji, akanawa. Akala. Alikula polepole, maharage na viazi vyote, akafuta sahani kwa kidole. Aliposhiba akasema, bila kumtazama mtu:

"Chumvi imetosha."

Papa alilia palepale karibu na moto, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa amekipata alichokitaka.

Kabla mzee hajarudi, Papa alikwenda mlango wa pili akamwambia Mama Veneranda ukweli. Mama Veneranda hakumwambia mtu mwingine. Alitupeleka shimoni mchana, upepo ukivuma, akafunga majani makavu kwenye fito, akayawasha, akayashusha. Moto ukazimika kama uliotiwa maji. Tukasimama tukitazama moshi ukilala chini, hautaki kupanda. Sokulu akaulizia nyama. Papa akakata kamba kwa kisu, tukaisikia ikianguka. Kisha yeye na baba yake wakaanza kujaza shimo kwa mawe, wakajaza mpaka likawa sawa na ardhi, nasi tukapanga mawe madogo juu.

Siku hizi pale pana nyumba za ghorofa. Kahawa imekwisha, mzungu alikwenda, kambi ilibomolewa, na moto wa mlima umeshuka mjini zaidi ya mara moja na kuyaficha mawe yetu chini ya mawe mengine. Vijana wananunua kiwanja, wanajenga ukuta, hawamuulizi mtu yeyote ardhi ile ina tabia gani. Kuna mahali wameweka vibao vyenye fuvu, na watoto wanavipiga mawe. Mazuku bado yanachukua watu. Nikiwaambia wajukuu washushe moto kwanza kabla ya kuingia bondeni asubuhi isiyo na upepo, wananiambia, "Koko, hiyo ni ya zamani." Hewa ile haijui kama ni ya zamani.

Juzi umeme ulikatika, ukakaa bila kurudi, na friji ikapoteza baridi. Mjukuu wangu wa kike aliifungua, akaziba pua, akataka kulia. "Koko, jamboni imeharibika yote! Tutafanya nini?"

"Itupe," nikamwambia.

"Yote?"

"Ikioza, itupe, mwanangu. Nyama inatupwa."

Akanitazama, maana sauti yangu ilikuwa ya furaha. Nilimfuata uani, nikamfungulia pipa mwenyewe. Nzi walikuja mara moja, wengi, wanang'aa juani, wakatua kila mahali. Mjukuu akanyanyua mkono awafukuze. Nikaushika ule mkono, nikamwambia awaache kidogo.